Baraza la kusomeana: namna tunavyoliendesha letu hapa Baltimore

Dada zangu wa Dallas, Minneapolis na hata Dar hunipigia simu kuniuliza jambo lilelile: hilo baraza lenu la vitabu mnaliendeshaje mpaka watu wanatoka roho zimewatulia? Nimechoka kujibu kwa vipande vya sauti vya WhatsApp, kwa hiyo naandika mara moja. Mwenye haja achukue, apunguze, aongeze.

Mjue kwanza sisi ni akina nani. Mimi mtu wa Tanga, kazi yangu kulea wazee, shifti ya usiku. Wenzangu wengine ni Wamarekani weusi wa hapahapa, ambao bibi zao walihamia mjini kutoka mashamba ya Virginia na Carolina. Wengine ni sisi wa kuja: Watanzania, Wakenya, na akina mama wa Kongo waliokaa miaka na miaka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Mwanzoni tulikuwa tukitazamana kwa jicho la pembeni. Wao wakidhani tunawadharau, sisi tukidhani wanacheka lafudhi zetu. Kilichotukutanisha ni kusomeana kwa sauti.

Na msimamo wangu ni huu, mengine yote yanatoka humo: mwanamke mwenye jambo zito kifuani halitoi kwa kuulizwa. Ukimwuliza "vipi mwenzetu, una nini?" atakwambia "sijambo, namshukuru Mungu." Mpe maneno ya mwanamke mwingine, ayasome kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu wasiomkatiza. Jambo likitaka kutoka litatoka. Lisipotaka, amesikiliza, amekunywa chai, na hakuna hasara.

Chumba

Tafuta chumba chenye mlango unaofungika na viti vinavyosogezeka. Msikae nyumbani kwa mtu, angalau miezi ya mwanzo. Mwenye nyumba atashinda jikoni akihangaika na wageni, na mume yuko sebuleni anaangalia mpira. Nani atafungua kinywa hapo? Kanisani au msikitini napo kuna macho. Maktaba ya umma ndiyo bora. Hapa tuna Enoch Pratt, ina matawi mitaani, vyumba vya mikutano vinaombwa bila malipo, na kadi haina gharama.

Maktaba hii ina kisa ambacho humsimulia kila mgeni, kwa sababu wengi wetu huingia humo kwa kunyata kama tumeingia ukumbi wa watu. Ilifunguliwa mwaka 1886, na mwanzilishi wake, Enoch Pratt, alisema itakuwa ya wote, tajiri na maskini, bila kubagua rangi. Basi pamoja na maneno hayo, bado miaka ya 1940 walikuwa hawapokei wanawake weusi katika darasa lao la kufundisha wakutubi. Binti mmoja, Louise Kerr, alikataliwa, akaenda mahakamani, na mwaka 1945 mahakama ya rufaa ikampa haki. Ukishasikia hayo, hukalii tena ncha ya kiti. Na ukirudi nyuma zaidi, sheria ya South Carolina ya mwaka 1740 ilimtoza faini aliyemfundisha mtumwa kuandika, na mwaka 1831 Virginia ikapiga marufuku mikutano ya kuwafundisha weusi kusoma. Bibi mmoja wa West Baltimore, mkubwa wetu wote, akishika kitabu hukipigapiga jalada mara mbili kabla hajakifungua. Hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Watu wa huku mwanamke mzima humwita Miss na jina lake la kwanza. Sisi wa kuja tulimwita Bibi tangu siku ya kwanza, na sasa hata Wamarekani wenzake humwita hivyo. Hili nalo lipangeni mapema: nani ataitwa nani. Mtu mzima asiitwe kwa jina tupu na msichana wa umri wa mjukuu wake, akanuna kikao kizima bila mtu kujua sababu.

Idadi: sita mpaka kumi. Wakizidi kumi na wawili, wenye haya hujificha nyuma ya wasemaji. Saa: sisi ni Jumamosi saa nne asubuhi, maana watu wa shifti ya usiku tunakuwa tumeshatoka na bado hatujalala. Watoto waje, wakae upande wa vitabu vya watoto na dada mmoja wa zamu.

Cha kusoma

Hapa ndipo vikundi vingi hufa. Watu huchagua kitabu cha kurasa mia nne, wanapeana mwezi mzima wakakisome nyumbani, na siku ya kikao waliosoma ni wawili. Waliobaki wanaona aibu, hawarudi. Mama anayefanya kazi mbili hana pa kusomea kurasa mia nne. Msipeane kazi ya nyumbani. Kurasa mbili au tatu, palepale, kwa sauti, basi.

Vitabu vya mbinu za mafanikio sivitaki barazani, na hilo silifichi. Vinakwambia amka saa kumi na moja alfajiri, panga malengo. Sisi saa kumi na moja alfajiri tuko kazini tunawageuza wazee kitandani. Chagua maandishi ambayo mwanamke anasema yaliyompata kwa lugha yake mwenyewe.

Kwa kikao cha kwanza, sehemu ninayoiamini kuliko zote ni ya Maya Angelou, mwandishi mweusi wa Marekani, akieleza utoto wake katika kitabu alichokitoa mwaka 1969, I Know Why the Caged Bird Sings. Alikuwa na miaka kama minane, St. Louis, alipobakwa na mwanaume wa mama yake. Akamtaja. Yule mtu akaachiliwa, kisha akakutwa ameuawa. Mtoto akaamini kwamba sauti yake ndiyo iliyoua, akanyamaza karibu miaka mitano, akizungumza na kaka yake tu. Wakamrudisha kwa bibi yake, kijiji cha Stamps, Arkansas. Huko kulikuwa na mwanamke mmoja mweusi, Bertha Flowers, mtu wa heshima zake. Akamwita yule binti nyumbani kwake, akamwekea biskuti na maji ya limau, akamsomea kitabu kwa sauti, kisha akamwazima vitabu kwa sharti kwamba akavisome kwa sauti.

Tazameni alichofanya mama huyu na asichofanya. Hakumwuliza mtoto kilichompata. Hakumwambia "sema, utapona." Alimpa biskuti, akampa maneno ya watu wengine, akamwachia kinywa chake kifanye kazi. Baraza letu lote limejengwa juu ya hilo.

Kwa upande wetu wa pwani tunasoma utenzi wa Mwana Kupona wa Pate. Aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, maradhi yamemshika mwaka mzima, akimuusia binti yake Mwana Hashima mambo ambayo hakuwa na hakika kama atapata muda wa kumwambia. Tahadhari: beti za kumtii mume huzua kelele. Bibi wetu aliposikia tafsiri yake alivua miwani akasema yeye ndiye aliyemfukuza mumewe, mwaka 1974, na hajajuta. Wakenya wakamtetea Mwana Kupona, Mtanzania mmoja akawapinga, tukacheka mpaka mkutubi akachungulia. Acheni kelele hizo. Na hata aliyezikataa zile beti, alinyamaza tulipofika mahali pa mama kuagana na mwanawe, maana hakuna barazani asiye na mtoto au mama aliye mbali.

Kusoma kwenyewe

Kaeni duara, msiweke meza katikati. Nakala ziwe za herufi kubwa. Kila mtu asome aya moja, ampe wa kuliani. Asiyejua kusoma au aliyesahau miwani aseme tu "pita," na neno hilo lisiulizwe swali. Wapo kwetu wasiojua kusoma kabisa, na hao ndio hazina: zamu yao ikifika wanasimulia ngano. "Paukwa!" "Pakawa!" Wamarekani walijifunza kuitikia siku hiyohiyo, wakatwambia kanisani kwao mhubiri naye hajibiwi kwa kimya.

Lugha mbili zikiwepo, soma aya kwa lugha ya mwandishi, kisha mwingine aieleze kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa utulivu, bila kufupisha. Mkalimani asiwe mtoto wa mtu. Watoto wetu huku wamezoea kutukalimania hospitalini na benki. Hapa wasije wakasikia yasiyo ya umri wao.

Mkimaliza, rudieni mara ya pili. Safari hii kila mmoja anataja mstari mmoja tu uliomshika. Anausoma, ananyamaza. Haelezi kwa nini. Mtaona mistari inavyochaguliwa: watu watatu wasiofahamiana wanashika mstari uleule.

Hakuna ushauri

Hii ndiyo kanuni pekee tuliyoiandika kwa kalamu nene na kuibandika mlangoni. Mtu akisema lake, hajibiwi. Hapewi pole ndefu, haombewi papo hapo, haambiwi "hata mimi yalinipata." Hasa hilo la mwisho, maana ndilo tunalolipenda sisi wanawake, mwenzako hajafika katikati ya habari yake wewe umeshaanza yako.

Nitawapa mfano mmoja, na mwenyewe amenipa ruhusa mradi nisimtaje. Tulikuwa tunasoma ile sehemu ya mtoto aliyenyamaza. Kulikuwa na mama wa Uvira, Kongo, ambaye mpaka siku hiyo tulimjua kwa salamu na kwa kilemba chake cha njano tu. Dada wa Nakuru akawa anatafsiri, akafika pale mtoto anapoacha kusema. Yule mama akasema, "Uyu mutoto namujua." Akakaa. Kisha akaendelea, polepole: kwamba tangu alipovuka ziwa mpaka mvua za mwaka wa pili kambini, hakusema na mtu mzima yeyote. Kwenye foleni ya posho alikuwa akionyesha kadi yake na vidole, watoto wangapi. Watu walidhani ni bubu, na yeye akaona ni afadhali wadhani hivyo.

Pale dada mmoja muuguzi alifungua kinywa, najua alitaka kumwambia kuna kliniki fulani. Bibi akainua kidole kimoja bila kumtazama. Muuguzi akafunga. Aliyekuwa na zamu akasoma aya inayofuata. Ndivyo tulivyomjibu. Mama wa Uvira hakulia, alimega mkate wake, akala. Jumamosi iliyofuata alikuja wa kwanza akatusimulia kisa kirefu cha fisi na mtungi wa maziwa, kwa sauti ambayo hatukujua anayo.

Kliniki aliambiwa, ndiyo, lakini baada ya kikao, kando, na mtu mmoja. Ushauri una mahali pake. Pale duarani si mahali pake.

Kisanduku

Kuna mambo hayasemeki hata kwa kanuni hiyo. Kwa hayo tuna boksi la viatu lenye tundu juu. Wazo hili si letu, tumerithi. Mwaka 1831, Philadelphia, wanawake weusi walio huru, akiwemo mwalimu Sarah Mapps Douglass, walianzisha chama chao cha kusoma na kuandika. Kila mmoja alitia andiko lake kisandukuni bila jina, kisha yanatolewa, yanasomwa, yanajadiliwa. Wakati huohuo, majimbo ya kusini yao, wenzao walikuwa wakichapwa kwa kujua herufi.

Sisi tunafanya hivi. Karatasi za rangi moja na kalamu za aina moja kwa wote, ili kinachoweza kumsaliti mtu kiwe mwandiko tu, na hata huo unaweza kuuficha kwa kuandika herufi kubwa. Dakika kumi na tano, kila mtu na lake. Asiyejua kuandika hukaa pembeni na mwandishi mmoja anayeaminika. Ukitaka lisomwe, tia boksini. Usipotaka, ondoka nalo. Msomaji huwa mmoja, na tofauti na wale wa Philadelphia, sisi hatujadili.

Dakika kumi na tano hazikutoka hewani. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa hapa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walitoa utafiti juu ya wanafunzi wa chuo walioandika habari ya jambo zito kuliko yote lililowapata, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale walioandikishwa mambo ya kawaida. Lakini kuna jingine katika utafiti huo ambalo watu hawalitaji: papo hapo baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo mwambie kila mtu mapema kwamba jioni ile huenda kifua kikawa kizito, asishtuke, na asiandike habari hizo saa moja kabla ya kuingia shifti.

Karatasi baada ya hapo? Zichanwe palepale mbele ya wote. Asiwepo wa kuzikusanya eti "kumbukumbu ya kikundi." Na picha za simu marufuku.

Nguo

Kikao cha pili au cha tatu, watu wakishazoeana, mwambie kila mmoja aje na kitambaa chenye habari yake. Hapa sisi wa pwani tuko nyumbani. Kanga inasema usichoweza kusema. Mkenya mmoja alileta yenye jina JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, akasema aliinunua Mombasa wiki aliyonyimwa viza, akaifunga siku aliyoipata. Habari yenyewe ilikuwa fupi hivyo, na watu wakapiga vigelegele.

Wamarekani walileta mablanketi ya viraka, kwilti. Bibi akatusimulia habari ya Harriet Powers, mwanamke wa Georgia aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Alishona kwilti ya visa vya Biblia, akaionyesha kwenye maonyesho ya pamba huko Athens mwaka 1886. Mwalimu mmoja mzungu akataka kuinunua, akakataa. Baadaye shida zikambana, akaiuza kwa dola 5, lakini kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi kisa cha kila kiraka, naye akayaandika. Leo kwilti hiyo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington, mwendo wa treni kama saa moja kutoka kwetu. Bibi alipomaliza alisema tu, "Dola tano," akaikunja yake.

Somo la nguo lina faida hii kwa anayeendesha: mikono ina kazi. Mtu anashikashika pindo, macho yako chini, na maneno yanapita bila kutazamwa usoni. Kwa mwenye haya hakuna njia rahisi zaidi.

Mahali pa kusimama

Baraza si hospitali. Mtu akisema anataka kujidhuru, au kwamba anapigwa sasa hivi, hapo kanuni ya kunyamaza imekwisha. Mwenye kikao anatoka naye nje mara moja, na asimwache peke yake. Hapa Marekani namba ya mtu anayefikiria kujiua ni 988, bure, usiku na mchana. Ya ukatili wa majumbani ni 1-800-799-7233. Walioko Kenya wana 1195 kwa ukatili wa kijinsia, Tanzania 116 kwa mambo ya watoto. Ziandikeni nyuma ya mlango wa choo cha wanawake, ambako mtu anaweza kuzinakili bila kuonekana.

Pia kuna wasiotaka kupona mbele ya watu. Akija mara moja asirudi, msimfuatefuate kwa simu. Salamu ya sikukuu inatosha.

Chakula na fedha nitapita haraka. Chai ya maziwa kwenye chupa, mahamri, na kama kuna mwenyeji basi pai ya viazi vitamu. Wapike kwa zamu, msichange fedha. Fedha ikiingia huingia na mweka hazina, na mweka hazina huingia na ugomvi.

Basi kwa wanaotaka kuanza Jumamosi hii: chapisha kurasa mbili, herufi kubwa, nakala zaidi ya idadi ya watu. Viti duara. Chai kwanza, dakika kumi na tano za salamu na majina. Soma, rudia, kila mtu mstari wake. Kama kuna mwenye ngano, yeye ndiye afunge. Saa moja na nusu ikitimia simama, hata kama mazungumzo yamekolea. Wakiondoka na hamu watarudi. Na kabla hawajavaa makoti waambie wajiandae kuja na kitambaa. Asiye na kanga wala kwilti alete hata aproni ya kazini.